Ngome ya Siyu Inatuhusu Nini Sisi wa Nchi ya Chai?

(Mazungumzo na vijana na familia baada ya futari)



 

Nimeombwa nizungumze juu ya ngome za kale za Pwani, zile zilizosahauliwa, na tuzifanye nini. Naona vijana wa nyuma wameshaanza kutazamana. Wanasema moyoni, huyu mzee amepotea njia. Sisi tuko huku juu, mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, mvua kila alasiri, chai mpaka macho yanachoka. Ukimuuliza mtoto wa Bomet bahari iko wapi atakuonyesha upande wa Kisumu. Ngome ya Pwani inatuhusu nini?

Haya, tuanzie hapo hapo. Wangapi hapa mmewahi kwenda Mombasa na basi la shule? Inueni mikono. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Kila mwaka mabasi yanatoka Kericho, Litein, Sotik na Bomet, yanasafiri usiku kucha, na kituo cha kwanza kesho yake ni Fort Jesus. Mnapanga foleni, mnakata tikiti, mnapanda juu ya mzinga mnapigwa picha, kisha mnauliza ufuo uko wapi. Silaumu. Lakini nitawauliza swali moja: juu ya mlango wa ile ngome kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Nani alisoma linasema nini?

Hakuna. Basi nitawaambia.

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, kwa ramani ya Mtaliana aitwaye Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya mfalme aliyetawala Uhispania na Ureno kwa wakati mmoja. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliwageukia Wareno. Huyu kijana kisa chake kinastahili jioni yake peke yake: Wareno walimuua baba yake, yeye wakampeleka Goa akiwa mtoto, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jeronimo, wakamrudisha aje kuwatawalia Mombasa. Akarudi kwenye Uislamu, akaiteka ngome yao. Baadaye akaondoka Mombasa, na Wareno wakarudi na hasira zao. Nahodha mpya wa ngome alikuwa kijana wa miaka 27 tu. Ndiye aliyeweka lile jiwe mlangoni. Anajitaja jina, anataja umri wake, anataja watawala wa Pwani aliowatoza kodi, kisha anajigamba kwamba aliiadhibu Pate na Siyu mpaka akazibomoa kuta zao.

Siyu. Lishikeni hilo jina.

Siyu ni mji mdogo katika kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu. Ukitoka Lamu unapanda mashua, na maji yakiwa yamepwa hufiki, kwa sababu mkondo wa kuingia Siyu umebanwa na mikoko na boti hungoja maji yajae. Leo mtu akipita atasema ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ulikuwa mji wa elimu na wa mafundi. Mafundi wa Siyu walijulikana kwa kazi ya ngozi, kwa viti vya enzi, kwa kujalidi vitabu. Na walijulikana kwa kazi moja ambayo katika mwezi huu wa Qur'ani inafaa tuitaje taratibu: walinakili misahafu kwa mkono. Ndugu zangu, misahafu! Kwa kalamu na wino, ikapambwa kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano, halafu ikajalidiwa hapo hapo mjini. Baadhi ya misahafu hiyo ipo hata leo katika makumbusho, na wasomi wa mbali huisafiria kuitazama. Wakati baadhi ya watu wanasema Uislamu wa Afrika Mashariki ulikuwa wa kusikia tu bila kusoma, hapo Siyu palikuwa na watu wanaoandika Qur'ani nzima kwa mikono yao.

Na kina dada mliosoma fasihi shuleni, Mwana Kupona mnamjua. Utendi wake wa 1858, aliomtungia binti yake, umefundishwa kizazi baada ya kizazi. Mumewe alikuwa nani? Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Kwa hiyo mama yule tunayemsoma darasani huku milimani aliolewa katika mji huo ninaousema.

Sasa ngome. Mbele ya mji, ukingoni mwa mkondo, imesimama ngome ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene na buruji za pembeni. Ni nani aliyeijenga? Wanahistoria wanatofautiana. Wako wanaosema ni watawala wa Siyu wenyewe, na wako wanaosema ni askari wa Sayyid Said, aliyekuwa Sultani wa Oman na Zanzibar. Mimi sitaamua ubishi wa wasomi. Lakini jambo ambalo halina ubishi ni kwamba Siyu walimkataa Sayyid Said. Miaka ya 1840 alituma jeshi na amiri wake mkubwa akauawa huko huko Siyu. Mji mdogo wa wanakili misahafu na mafundi wa ngozi ukarudisha nyuma jeshi la dola iliyotawala kutoka Maskati mpaka Zanzibar! Ilibidi wangoje mpaka miaka ya 1860, enzi za Sayyid Majid, ndipo Siyu ikashindwa. Sheikh Muhammad bin Mataka, mtoto wa yule Bwana Mataka, akakamatwa, akafungwa. Alifungwa wapi? Fort Jesus. Akafia humo.

Kwa hiyo mnaona hizi ngome mbili zilivyofungamana. Mlangoni mwa Fort Jesus kuna jiwe la mtu anayejigamba kuivunja Siyu, na ndani ya Fort Jesus, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, kiongozi wa Siyu amefia kifungoni. Nyinyi mkapita hapo na basi la shule, mkapiga picha, mkaenda zenu.

Na hapa ndipo linapokuja jambo langu. Fort Jesus imetunzwa. Ilikuwa gereza tangu 1895, ikaachwa kuwa gereza mwaka 1958, ikakarabatiwa kwa fedha za wakfu mmoja wa Ureno, Gulbenkian, ikafanywa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Hata bahari ilipoanza kula mwamba chini yake, ukuta wa kukinga mawimbi ulijengwa. Ni vizuri, tunashukuru. Ila Fort Jesus ni upande mmoja wa kisa. Upande wa pili uko Siyu, na ngome ya Siyu haina foleni ya tikiti. Makumbusho ya Taifa wamewahi kuzikarabati kuta zake, hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini jengo la matumbawe halikarabatiwi mara moja likaisha. Ni kama paa la nyasi. Ukiacha kulitazama misimu michache limeanza tena.

Hebu niwaeleze kidogo jengo la namna hii linavyokufa, maana vijana wa ujenzi mko hapa. Jiwe la matumbawe linapumua. Zamani liliunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yenyewe, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ikapoa na kukomaa, ikachanganywa na mchanga. Chokaa hiyo ni laini. Unyevu ukiingia ukutani unapata njia ya kutoka. Akaja fundi wa haraka na mfuko wa saruji, akaziba nyufa, ukuta ukapendeza kweli kweli. Miaka michache tu. Saruji ni ngumu, haipumui, chumvi ya bahari inabaki imefungiwa ndani, jiwe linamung'unyika nyuma ya plasta, na siku moja plasta inaanguka na nusu ya ukuta. Mti nao huota juu ya ukuta kutokana na mbegu iliyoachwa na ndege. Ukiwa na urefu wa kidole unang'olewa kwa mkono, ukiwa na urefu wa mtu mizizi yake ndiyo inayoshika ukuta, ukiung'oa unaondoka na mawe. Boriti za mikoko zikivuja maji zinaoza, sakafu ya juu inashuka. Hakuna adui, hakuna mzinga.

Oman wenyewe, wajenzi wakubwa wa ngome, yaliwafika haya. Ngome ya Bahla, ya udongo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia 1987, na mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ilikaa humo mpaka 2004. Jirani zetu wa Kilwa Kisiwani waliwekwa kwenye orodha hiyo hiyo 2004, wakatolewa 2014. Pale Kilwa kuna ngome watu wanaiita Gereza, iko ukingoni mwa maji, na bahari ilikwisha kula sehemu yake. Kilichoiokoa ni fedha kutoka nje, ndiyo, lakini pia wakazi waliotiwa kazini wenyewe, wakajifunza chokaa, wakasaidia kuzuia maji yasile ufuo.

Hilo jina Gereza lina kisa. Neno hili tunalolitumia kwa jela limetokana na neno la Kireno la kanisa, igreja. Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao, watu wakaziita ngome kwa jina hilo, halafu watawala waliofuata wakazifanya jela, na jina likahamia kwenye jela. Fort Jesus ilikuwa jela. Ngome ya Lamu ilikuwa jela. Ngome Kongwe ya Zanzibar ilikuwa jela. Kizazi kizima cha watu wa Pwani kiliijua ngome kama mahali pa kufungiwa baba zao. Msishangae basi kama mzee wa Pwani haoni uchungu ukimwambia ngome inaanguka. Anaweza kukujibu, wacha ianguke.

Jibu hilo naliheshimu. Ngome hizi hazikuwa misikiti. Ziko zilizopitisha watumwa, na Muislamu alimfunga humo Muislamu mwenziwe, kama nilivyowaeleza ya Sheikh Muhammad. Katika kuzingirwa kwa Fort Jesus, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu, Waswahili walikuwa nje pamoja na Waomani na walikuwa ndani pamoja na Wareno; watu wa Faza, kisiwa kile kile cha Pate, walikuwa ndani. Ukisikia mtu anaihadithia historia hiyo kama Waislamu wote upande huu na makafiri wote upande ule, jua hajasoma.

Na wako vijana wengine, najua wako kwa sababu wameniuliza, wanaosema kutunza magofu ni kuyatukuza, na dini yetu haitaki hivyo. Ndugu yangu, nani kasema tuyatukuze? Qur'ani inatuamrisha mahali pengi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Sasa utatazama nini kama kila kitu kimegeuzwa kokoto? Mtume (S.A.W.) mwenyewe, lilipokuja jeshi la washirika mwaka wa tano wa Hijra, alipokea shauri la Salman al-Farsi wakachimba handaki kuulinda mji wa Madina. Kujenga kinga si jambo geni katika dini hii. Kujua kinga hiyo ilimlinda nani na ilimdhulumu nani, hiyo ndiyo elimu.

Tukikubaliana kwamba zisiachwe zianguke, swali gumu ni hili: zifanywe nini? Maana jengo likikaa tupu linakufa, na likijazwa ovyo linakufa vile vile.

Lamu walifanya jambo ambalo mimi nalipenda. Ngome yao ilikamilika karibu 1821, miaka michache baada ya vita vya Shela ambamo watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa. Ikawa jela kwa miongo mingi ya karne ya 20. Mwaka 1984 ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikakarabatiwa. Lakini haikufanywa sanduku la vioo la watalii peke yake. Kuna maktaba humo, watoto wa mji wanakwenda kusoma. Uwanja wa ndani umetumika kwa mikutano na sherehe za watu wa mji. Mbele yake ndipo wazee wanapokaa barazani jioni. Ile ngome ina wenyewe, ndiyo maana ikipata ufa kuna mtu wa kupiga kelele.

Zanzibar, Ngome Kongwe imeonja kila kitu. Ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, ikawa jela, wakati mmoja ikawa karakana ya reli ndogo ya Bububu, mwaka 1949 uwanja wake ukafanywa mahali pa kina mama kucheza tenisi faraghani, na tangu miaka ya 1990 ni ukumbi wa wazi wa maonyesho, filamu na muziki. Kina mama kupata mahali pa faragha pa kufanya mazoezi, mimi hilo naliona zuri kuliko mengi yaliyokuja baadaye! Kuhusu muziki wa usiku msinitie mdomoni, kila mmoja anajua msimamo wa sheikh wake. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa jengo linafanya nini unatakiwa ufanywe na watu wanaolala jirani nalo, kwa sababu ndio wanaosikia adhana na ndio wanaosikia spika.

Hatua chache kutoka hapo ilikuwa Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883. Kila mtu alijua lina nyufa. Taarifa ziliandikwa, wageni walikuja na kuondoka, na mwishowe ukarabati ukaanza kwa msaada wa Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka, na watu wakafa. Nalitaja ingawa si ngome kwa sababu linaonyesha gharama ya kuchelewa inalipwa na nani. Inalipwa na fundi aliyekuwa juu ya jukwaa.

Mtaa wa Shangani liko jengo la kale la Mambo Msiige, ambalo lilikodishwa likawa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa 2015, huku Kamati ya Urithi wa Dunia ikinung'unika juu ya ujenzi ulioongezwa. Hii ndiyo njia ya pili ambayo mwekezaji huileta: nipe jengo, nitalitengeneza. Na kweli analitengeneza, linang'aa. Ila mtoto wa mtaa akitaka kuingia anaulizwa na mlinzi anakwenda wapi.

Basi kati ya kuliacha lianguke na kumpa mwenye hoteli, sisi Waislamu tuna kanuni ya tatu, na nashangaa kwamba hatuisemi kwa sauti. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata shamba zuri kule Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Akaelekezwa alizuie shamba lenyewe na matunda yake ayatoe. Shamba lisiuzwe, lisitolewe zawadi, lisirithiwe. Matunda yaende kwa masikini, jamaa, wasafiri. Msimamizi anaweza kula kwa wema, lakini asijitajirishe. Huo ndio wakfu. Lamu na Mombasa wakfu ni jambo la kila siku: nyumba imewekwa kwa msikiti, kisima kimewekwa kwa wapita njia, shamba la minazi limewekwa kwa madrasa. Na wanazuoni wetu wakaweka sharti ambalo kila mhandisi angelifurahia: pato la wakfu kwanza linatengeneza wakfu wenyewe. Kabla hujagawa hata shilingi, paa limezibwa.

Nieleweke vizuri. Ngome ya Siyu si wakfu kwa sheria. Ni mali ya umma, iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na sheria inayotawala ni ile ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Katiba ya 2010 imeacha majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kuwapa kaunti mambo ya makumbusho na utamaduni. Kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa na baba wawili, na mtoto mwenye baba wawili mara nyingine hulala njaa. Nasema tuazime kanuni. Jengo lisiuzwe wala lisikodishwe likawafungia wenyeji mlango. Lizae kitu. Kinachozaliwa kwanza kizibe nyufa, kinachobaki kiwafikie watu wa Siyu.

Kizae nini? Watalii, wengi wetu tunajibu haraka. Nawaomba msikimbilie huko. Tangu 2011 usalama ulipoharibika mpakani na Somalia, na hasa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wageni wa Lamu walipungua vibaya. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, viwanja vya ndege vikafungwa. Jengo linaloishi kwa tikiti ya mgeni linakufa siku mgeni haji. Sisi wa nchi ya chai tunalijua hili bila kufundishwa: bei ya mnada ikishuka Mombasa, mama wa Konoin analala na deni ambalo hakulitafuta.

Siyu ina bidhaa bora kuliko mandhari. Ina jina la misahafu. Fikirieni vyumba vya ngome ile vikiwa na darasa la hati, ambapo kijana anafundishwa kuchonga kalamu, kutengeneza wino, kuandika khat na kujalidi kitabu kwa ngozi. Pembeni darasa la chokaa, ambalo wanafunzi wake ndio hao hao wanaotengeneza kuta, na wakimaliza wanaitwa Lamu, Mombasa na Kilwa, kwa sababu mafundi wa chokaa ni wachache na majengo ni mengi. Mwanafunzi wa chokaa halipwi na mtalii. Hayo ni maoni yangu mimi, na ninajua yanahitaji pesa, maji safi, umeme na boti inayofika kwa wakati. Na nitaongeza neno kali kidogo: mwenye mradi akitengeneza ngome huku mama wa jirani anahangaikia maji ya kunywa, siku moja mawe ya ngome yatajengea mtu choo, na mimi sitamlaumu aliyeyachukua.

Mtaniuliza tena, na sisi? Hapa kaunti yetu ya Kericho tuna mahali panaitwa Fort Ternan. Reli iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901 inapita hapo, na baadhi ya Waislamu wa kwanza wa miji yetu hii walikuja na njia hiyo. Wataalamu wa mifupa ya kale wanapajua dunia nzima, kwa sababu ya mabaki aliyoyachimbua Louis Leakey pale miaka ya 1960. Lakini waulize vijana wa hapa: Ternan ni nani? Ngome ilikuwa ya nini, dhidi ya nani? Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Jina lake tunalitaja kila siku kwenye matatu, na habari za Wakipsigis waliokutana na hilo jeshi hatuna jiwe hata moja linalozisimulia. Yale yale ya mlango wa Fort Jesus.

Kwa hiyo nina maombi, na hayatagharimu kitu. Kwanza kwa mtakaokwenda Mombasa likizo ya Desemba, insha Allah. Mkifika mlangoni simameni chini ya lile jiwe, mwambieni mwelekezi awaonyeshe jina la Siyu. Muulizeni pesa ya tikiti yenu inakwenda wapi. Muulizeni ukuta huu umetengenezwa kwa chokaa au kwa saruji. Mtamshangaza, na mara nyingine mtampendeza. Muulizeni Sheikh Muhammad bin Mataka alifungwa wapi. Andikeni majibu mlete hapa gazetini, tutayachapisha.

Ombi la pili ni kwa wazee wetu. Msikiti wetu mkongwe wa mabati, kabla ya kamati kuubomoa tupate ghorofa, na ghorofa tunaihitaji, sikatai, tafadhali mtu apige picha ya kila upande. Mwenye hati ya kiwanja aitoe nakala. Mwenye kujua nani aliweka nguzo ya kwanza aje aseme mbele ya kijana mwenye daftari. Ustadh wa madrasa ameshakubali kuwapanga wanafunzi wa kidato cha tatu wawapitie wazee nyumbani, wawili wawili, kuanzia kumi la mwisho likiisha ili wasiharibu ibada zao.

Naona muadhini ananitazama, Isha imekaribia. Wenye maswali tutakutana nje kwenye chai.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.